Kilemba cha Gunia

Siku mwalimu wa masoko alipochora gunia ubaoni, darasa zima liligeuka kumtazama Mama Pacha.

Mwalimu hakukusudia hivyo. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mabati, maana chuo chao cha jamii zamani kilikuwa ghala la nafaka, na hadi leo upepo ukivuma paa lilisema kuliko walimu. Alichora gunia la vitunguu, kisha juu ya mdomo wa gunia akaongeza kichuguu, akakizungushia kamba nyingi nyingi kama mtu aliyefungwa kilemba.

"Hili ni gunia moja, au moja na zaidi?" aliuliza.

"Moja na zaidi," darasa lilijibu.

"Mkulima analipwa magunia mangapi?"

"Moja."

"Sasa hiki kilemba anakula nani?"

Halafu kutoka pembeni ikaja sauti ya msichana ambaye kila mtu alimwita Dirisha, kwa sababu hakuwahi kukaa kwingine ila dirishani, na mdomo wake nao haukuwa na kitasa.

"Tumuulize Mama Pacha," alisema. "Si ndicho kinachomlipia ada?"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Darasa la biashara ya kilimo lilikuwa na watu wa kila namna: vijana waliokosa nafasi vyuo vikubwa, askari mstaafu aliyetaka kufuga mbuzi, na Mama Pacha ambaye angeweza kuwa mama wa nusu yao. Wote walijua mume wake ni dalali wa vitunguu soko kuu. Mwenyewe ndiye aliyewaambia siku ya kujitambulisha, tena kwa majivuno kidogo.

Masikio yalimwaka moto. Akaweka kalamu chini.

"Ndiyo," alisema. "Mume wangu ni dalali. Endelea, mwalimu, tumekuja kujifunza."

Mwalimu aliendelea, lakini kwa haraka, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu na hataki kutazama chini. Kabla ya kengele akatoa kazi ya mwaka. Wanafunzi wawili wawili wamfuate mkulima mmoja wa kweli, kuanzia kuvuna hadi kuuza. Wamtafutie soko, wapime kila kitu kwa mizani, kisha waje waeleze mwisho wa yote mkulima amebaki na nini. Ili marafiki wasichaguane, akapanga watu mwenyewe. Mama Pacha akaangukia kwa Dirisha.

"Shangazi, usininunie," Dirisha alimwambia nje, akimkimbilia. "Mdomo wangu una miguu, huwa unafika kabla yangu."

"Sijanuna. Umewahi kuvuna vitunguu?"

"Nimewahi kuvila."

"Basi Jumamosi uvae viatu vya zamani. Tunakwenda kwa dada yangu, na kwa dada yangu hakuna anayekaa dirishani."

*

Mumewe sokoni walimwita Mizani, na jina hilo lilikuwa limemfuata mpaka nyumbani. Alikuwa akiinua gunia, analiegemeza kwenye nyonga, anafumba jicho moja na kutaja kilo. Watu walikuwa wakiwekeana dau. Gunia likipimwa, Mizani hakosi.

Jioni hiyo, baada ya kuoga na kula, alikaa mlangoni akichokonoa meno. Mapacha wake, wasichana wawili, walikuwa wamejilaza sakafuni na hesabu zao za shule.

"Leo tumekusoma," Mama Pacha alisema.

"Nani, mimi?"

"Wewe na kilemba chako."

Mizani alicheka. Yeye ndiye aliyemhimiza mkewe aende chuo. Alikuwa akitembea na habari hiyo sokoni kama mtu aliyenunua redio mpya: mke wangu anasomea biashara ya kilimo, subirini amalize mtaona. "Wamesema dalali ni mwizi?"

"Mwalimu hakusema mwizi. Aliuliza tu nani anakula kile cha juu."

"Sasa sikia, umpelekee jibu." Akakitoa kijiti mdomoni. "Tajiri wa mjini anataka gunia lenye kilemba. Nikimpelekea lililo bapa analirudisha, na nauli ni yangu. Lori likikwama matopeni, vya chini vinapondeka, nani anafidia? Kilemba. Ushuru, wapakiaji, mlinzi wa lango, wote wanakula humo humo. Makombo yanayobaki ndiyo hii nyumba. Mwambie mwalimu wako aje apakie lori siku moja."

"Na mkulima anakula wapi?"

"Mkulima anauza. Bila mimi vinamwozea."

Mama Pacha alijua kwamba hilo nalo si uongo. Alikunja nguo kadhaa kabla ya kusema tena.

"Kazi yetu ya mwaka tumeshampata mkulima. Dada."

"Dada yupi?"

"Kwani nina dada wangapi?"

Mizani aligeuza shingo. "Yule ni mkulima wangu."

"Yule ni dada yangu, Baba Pacha. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mkulima wako."

Pacha mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akamtazama baba, akamtazama mama, akarudi kwenye hesabu zake.

"Mtamuuzia nani?" Mizani aliuliza.

"Shule ya bweni. Tumepitia hapo tukitoka chuo, mtunza stoo ametuambia wananunua kwa kilo."

"Mtunza stoo," Mizani alirudia, kama mtu anayeonja maziwa kujua kama yamelala. Akainuka, akakung'uta suruali. "Haya. Kila mwamba ngoma huvutia kwake." Akaingia ndani.

*

Dada yake Mama Pacha aliishi bondeni, mwendo wa saa moja kwa pikipiki. Ndiye aliyemlea Mama Pacha tangu mama yao alipofariki, na mpaka leo alimwangalia kama mtoto aliyetoka bila kunawa uso. Waliwakuta vibarua wake wanamaliza kung'oa. Vitunguu vilikuwa vimetandazwa juu ya vichanja kibandani, majani yakiwa bado na ukijani, vikisubiri kunyauka shingo.

Alisikiliza habari ya chuo, kazi ya mwaka na shule ya bweni bila kuacha kuchambua.

"Mume wako anajua?"

"Anajua."

"Kujua na kukubali si ndugu." Akatupa kitunguu kibovu nyuma ya bega. "Shemeji hajawahi kukosa kuja hapa. Mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji, wenzake wote walitukimbia. Yeye alivuka kwa miguu, maji kifuani. Hao wa shule watakuja?"

"Sisi tutawapelekea."

"Kwa kichwa?"

"Kwa pikipiki, dada, kidogo kidogo," Dirisha alisema.

Dada akamtazama kuanzia viatuni. "Huyu ni nani?"

"Mwenzangu wa darasani."

"Anachambua, au anasema?"

Dirisha akachukua kikapu.

Walifanya kazi mpaka jua likawa kichwani. Dirisha alikatwa na majani vidoleni, akalia machozi ya vitunguu na mengine ambayo hayakuwa ya vitunguu, lakini hakuacha. Walipokaa kunywa maji, dada alitoa hukumu.

"Nusu kwa nusu. Sitaki mtoto wa mama yangu aanguke mtihani, wala sitaki shemeji aseme nimemnyima. Yenu mtapima mnavyotaka. Yake nitashona kama siku zote."

Vitunguu vilipokauka walirudi, na Mama Pacha akamwona akishona. Dada alijaza gunia mpaka pomoni, akapanga vitunguu vingine juu ya mdomo kwa mkono, kimoja kimoja, akavizungushia wavu wa kamba na kuukaza kwa sindano ndefu ya magunia. Kilemba kikasimama. Mama Pacha alikuwa ameona jambo hilo tangu alipokuwa msichana, na hakuwahi kulitazama.

"Dada, hivi wewe huoni kwamba—"

"Shika kamba," dada alisema. Akashika kamba.

*

Ya sokoni Mama Pacha aliyasikia kwa vipande, kutoka kwa watu waliokuwepo.

Dalali aliyekuwa na sauti kubwa pale sokoni walimwita Bulldoza, na ndiye aliyegawa nafasi kwenye lori la pamoja la kwenda mjini. Alimngoja Mizani mpaka watu walipojaa.

"Mizani, nasikia nyumbani kwako siku hizi kuna soko."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwingine alidakia.

"Huyu chake wanalalia mto mmoja," Bulldoza alisema, na wapakiaji wakacheka mpaka wakaegemea magunia. Mizani naye alicheka, kwa kuwa usipocheka unachekwa mara mbili. Kisha Bulldoza akamvuta pembeni, uso umebadilika. "Bondeni wakizoea kupima, kesho watakuja hapa na mizani zao. Mzuie mkeo. Usipomzuia, mizigo yako itafute lori lingine."

Siku hiyo Mizani alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Mama Pacha alikuwa anapiga pasi sare za mapacha.

"Hiyo kazi ya shule iache."

"Ni mtihani, Baba Pacha."

"Basi acha chuo."

"Si wewe uliyenipeleka?"

"Nilikupeleka ukasome. Sikukupeleka ukanivue nguo sokoni." Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Mama Pacha zaidi. "Ada ya muhula ujao usiitazamie mkononi mwangu."

Mama Pacha aligeuza sketi upande wa pili. "Nimesikia," alisema, akaendelea kupiga pasi.

Tangu hapo nyumba ikawa na posta, na mapacha ndio tarishi.

"Mwambieni mama yenu shati langu halina kifungo."

"Mwambieni baba yenu sindano iko palepale inapokaa."

"Mwambieni mama yenu leo sili hapa."

"Baba, kwani hakusikii?" pacha mdogo aliuliza.

*

Shule ya bweni ilikuwa na lango la bluu na mlinzi aliyejua thamani yake.

"Wauzaji ni mlango wa nyuma," aliwaambia, na mlango wa nyuma ulikuwa na benchi lililotazamana na jua. Mama Pacha na Dirisha walikaa hapo, na vijana wa pikipiki wakikumbusha kila baada ya muda kwamba kungoja nako kuna bei yake. Mara ya kwanza walipokuja, mtunza stoo aliwachangamkia na kuwaita wasomi. Mara ya pili aliwaambia walete mzigo. Leo walikuwa wameleta sehemu ya kwanza ya mzigo, na yeye alitoka huku akitazama simu yake.

"Nimeshapata," alisema.

"Lakini tulikubaliana, kaka," Mama Pacha alisema.

"Tulizungumza. Kuzungumza siyo kununua, mama."

Mlango wa stoo ulikuwa wazi nyuma yake. Ndani Mama Pacha aliona magunia yamepangwa ukutani, yote yamefungwa vilemba kwa kamba nyekundu. Sokoni ni mtu mmoja tu aliyeshonea kamba nyekundu, Bulldoza.

"Ulisema mnanunua kwa kilo," Dirisha alisema.

"Hapa tunanunua magunia."

Dirisha alivuta pumzi, na Mama Pacha akamkanyaga mguu kabla haijatoka. Wakaamuru mzigo urudi. Langoni mlinzi akaomba vya kupikia, kwa kuwa, alisema, aliwaangalizia vizuri. Mama Pacha akampa, akajuta, kisha akaona haya kwa kujuta.

Walipofika bondeni mvua ilikuwa imewatangulia. Paa la kibanda cha dada lilikuwa na matundu, na maji yalikuwa yameshuka kwenye kichanja kimoja na kuchungulia kingine. Walihamisha, wakafuta kwa matambara, wakatenga vilivyoanza kulainika. Magunia ya Mizani yalikuwa bado yamesimama pembeni na vilemba vyao. Hakuwa amekuja kuyachukua, kwa kuwa lori lilikuwa limemkataa.

Dirisha alimpigia mwalimu simu.

"Poleni," mwalimu alisema. "Andikeni yote yaliyotokea. Hata kushindwa ni matokeo."

Kwa mwalimu yalikuwa matokeo. Kwa dada vilikuwa vitunguu, na alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akivitazama.

Mchana huo huo Bulldoza akaja, na gari lake likarusha matope mpaka mlangoni. Alisalimia kwa heshima zote. Alitaka kuchukua vyote, alisema, vya shule na vya Mizani, ili kumpunguzia mama usumbufu. Akataja bei, na bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba Dirisha alidhani hajamaliza kusema.

"Na vile vya kichanjani vishonwe kama hivi," akaongeza, akipapasa kilemba. "Shemeji yako hana lori tena, mama. Mnamngoja nani?"

"Njoo kesho," dada alisema. "Sijawahi kuuza kitu nikiwa nimelowa."

*

Mama Pacha alimkuta mumewe chumbani, ameshika shati na sindano, anajishonea kifungo. Alikuwa anashona vibaya.

"Bulldoza amekwenda kwa dada," alimwambia, bila tarishi.

Sindano ikasimama. "Kutaka nini?"

"Vyote. Vyangu na vyako."

"Kasema bei gani?"

Alipoambiwa, Mizani aliweka shati kitandani. "Hiyo siyo bei, hayo ni matusi. Na shule?"

"Shule imejaa kamba nyekundu."

Mama Pacha alisimama akingoja neno alilojua linakuja, na halikuja.

"Hukusema 'nilikuonya'," Mama Pacha alisema.

"Nimelimeza." Akajikuna shingo. "Mimi nimekuwa nikimpigia Bulldoza kicheko siku zote hizi. Nikidhani nikicheka ataniachia nafasi yangu. Kumbe alikuwa ananitoa nje ili aingie kwangu. Kwa dada yako. Hata aibu hana."

"Wewe ulikuwa unamwonea dada aibu?"

Mizani alilichukua swali hilo, likakaa naye, akasema jambo lingine. "Migahawa ya stendi inanunua vitunguu kila siku. Wapishi wale wanataka kidogo kidogo, tena kwa kilo. Sijawahi kuwauzia kwa sababu ni usumbufu mtupu. Unamaliza siku nzima kwa gunia moja."

"Usumbufu tunao wa kutosha."

"Una mitihani wewe."

"Huu ndio mtihani."

Alichukua shati, akamkabidhi mkewe pamoja na sindano. Mama Pacha alikata uzi kwa meno, akakishona kile kifungo upya.

*

Asubuhi Mizani alikodi gari dogo la mizigo na kuliendesha mwenyewe. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuudhi. Walimpitia Dirisha akiwa na mizani ya chuo mapajani, ile ya kuning'iniza, yenye ndoano na uso wa saa.

Dada aliwapokea kana kwamba hakuna lililotokea. Waliifunga mizani kwenye boriti ya kibanda. Kwanza wakapima vya kichanjani, vikavu peke yake na vyenye unyevu peke yake, Dirisha akisoma kwa sauti na Mama Pacha akiandika. Mizani aliwabebea. Alikuwa na haraka, na kwa haraka yake mambo yalikwenda vizuri, mpaka vya kichanjani vikaisha na yakabaki magunia yake.

"Na haya?" Dirisha aliuliza.

"Wapishi wanauziwa kwa kilo," Mama Pacha alisema. "Lazima tuyapime."

Mizani akainua la kwanza. Lilimgonga nyongani palepale yalipogonga magunia yote ya miaka yake yote, akalitundika kwenye ndoano na kuachia. Mshale ulikimbia, ukafika mahali ambapo gunia la haki linaishia, ukapita, ukaendelea kupita. Dirisha alitaja kilo, na kwa mara ya kwanza tangu Mama Pacha amfahamu, aliitaja kwa sauti ndogo.

Mizani hakutazama. Kilo zile alikuwa amezijua tangu gunia lilipomgusa nyonga.

Mvua iliongea juu ya bati. Mama Pacha alijikuta anatazama viatu vyake, viatu vizuri vya kamba alivyonunua ili aende navyo chuo. Aliwaza begi, daftari, nauli za kila siku, na ada ambayo mumewe alikuwa akiilipa mapema ili karani amwone.

"Shemeji," Mizani alisema. "Mimi..."

"Wewe nini?" Dada alikuwa amesimama mlangoni, akijifuta mikono kwenye khanga. "Mbona mmekuwa kama watu wa msibani? Mlidhani sijui?"

Aliingia, akaweka kiganja juu ya kilemba cha gunia lililokuwa likining'inia.

"Nani alikishona? Sindano yangu, kamba yangu, na macho yangu mawili. Wengine walikuwa wakinilazimisha, wewe hukuwahi hata kunilazimisha, shemeji. Ulinyamaza tu ukapokea." Mizani aliinamisha uso. "Nilikuwa na mdogo wangu nyumbani kwako. Alipojifungua hao wawili kwa mkupuo nikajua sasa wana njaa mbili. Ningempa pesa mkononi asingepokea, mnamjua kichwa chake. Kwa hiyo nikawa napanga hapa juu. Hiki cha mtoto huyu, hiki cha mtoto yule. Alipoanza chuo nikaongeza tena."

"Dada," Mama Pacha alisema.

"Ngoja nimalize, sijakuita. Nilitoa kwa kupenda, na sijutii hata kimoja. Lakini huyu amekuwa mtu mzima, anajua kuandika kilo. Na mabati yangu yanavuja, mmeyaona. Tangu leo nataka kilo zangu zote. Shemeji, utakacholipwa utakisema kwa mdomo, mbele yangu, kisha nitakulipa."

Mizani alikuwa mtu wa maneno, maneno ndiyo mtaji wake, na sasa mtaji ulikuwa umekauka.

"Sawa, shemeji," alisema.

"Basi shusheni hilo, boriti yangu nayo imezeeka."

Gunia lilikuwa zito. Mama Pacha akaweka daftari chini, akaenda kushika upande wa pili.

*

Bulldoza alipofika bondeni alikuta kibanda kitupu na dada anafagia. Hayo aliyasimulia dada mwenyewe baadaye, na kila alipoyasimulia Bulldoza aliondoka kwa mwendo tofauti.

Stendi hakukuwa rahisi. Mpishi wa kwanza aliwaambia ana mtu wake. Wa pili alikata kitunguu, akanusa, akalalamikia bei, akachukua kilo chache kwa sura ya mtu anayetoa sadaka. Mizani, aliyezoea kuuza lori zima kwa kupeana mkono, alikuwa akiwaona wapishi hao wakirudisha kitunguu kimoja ili mshale ukae sawasawa, na jasho likimtoka. Ilikuwa ni Mama Pacha aliyeweza kusema nao. Aliwauliza wanapika sufuria ngapi, wanaishiwa siku gani, nani huwaletea vibichi. Vile vyenye unyevu waliviuza kwa bei ya kuvitupa, na vingine walivitupa kweli. Wakarudi kesho yake na keshokutwa yake, mpaka vikaisha.

Alichopata dada hakikufika pale Mama Pacha na Dirisha walipokuwa wamekisia darasani, wala hakikukaribia. Lakini kilizidi alichowahi kupata kwa mavuno ya ukubwa ule. Darasani Dirisha ndiye aliyesimama kueleza, na alieleza yote, mvua, mtunza stoo, na dalali, ambaye alimtaja kwa jina la "mshiriki wetu". Askari mstaafu aliuliza kama huyo mshiriki alikuwa amelipwa. Mwalimu aliwapa alama za kupita, akaandika pembeni kwamba hawakupanga vizuri namna ya kuhifadhi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Lori la Bulldoza halikumrudisha Mizani. Alianza upya stendi, kwenye meza ya kukodi, akiuza vitunguu vya watu wa bondeni kwa kilo na kukata kiasi kilichojulikana. Pesa iliingia polepole. Muhula uliofuata ada haikupatikana, na Mama Pacha akakaa nyumbani huku Dirisha akimletea daftari za kunakili. Ule uliokuja baadaye alirudi. Wakati huo wa katikati Mizani hakupenda kuuzungumzia. Aliuza redio yake, na alipoulizwa iko wapi alisema ilikuwa inakwaruza.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumapili ile baada ya vitunguu kuisha, walikwenda bondeni kumkabidhi dada pesa zake. Dada alizipokea, akaingia chumbani, akakaa humo. Alipotoka alikuwa na noti zimekunjwa mara moja. Alimwendea Mizani aliyekuwa amesimama karibu na gari, akampa kwa mikono miwili.

"Ujira wako, shemeji. Kama ulivyousema."

Mizani alinyoosha mikono yote miwili, akapokea. Miaka yote ya kazi alikuwa amejikatia mwenyewe. Hakuna mkulima aliyewahi kumpa. Hakujua macho aweke wapi.

"Asante, shemeji," alisema.

"Asante na wewe. Msalimie watoto."

Wakaingia garini. Dada aliwapungia, akarudi kwenye shughuli zake. Mizani aliweka ufunguo, akashika usukani, akabaki ametazama mbele, gari limezimwa.

"Limegoma?" Mama Pacha aliuliza.

"Hapana," alisema. "Ngoja kidogo."

Mama Pacha akangoja.